Noeli na Bonane: namna ya kushona nyota ya nyumba kwa triko ya zamani na vipande vya kitenge

Mwezi wa 12 ukifika, mzazi wa Baraka, wa Fizi-centre, wa Mboko ao wa Lulimba anajua maswali yatakayomfikia: nguo ya Noeli iko wapi, tutakula nini, na nyumba tutaipamba na nini? Maswali mawili ya kwanza yanataka franga. La tatu linaweza kupata jibu ndani ya nyumba yenyewe. Kwa triko iliyotoboka, vipande vya kitenge vilivyoanguka chini ya mashini ya mshonaji, sindano moja na uzi, familia inaweza kushona nyota, moyo ao samaki wa kutundika mlangoni. Hatua zenyewe ni hizi, pamoja na sababu ya kila moja, na pia hesabu kwa yule atakayependa kuuza.

Fetri ni kitu gani?

Katika inchi za baridi, mapambo ya namna hii yanashonwa kwa kitambaa ambacho Wafaransa wanaita feutre. Wanafunzi wetu wanajua jina hilo juu ya ile kalamu ya rangi, fetri. Haiko bahati mbaya. Kalamu iliitwa vile kwa sababu ncha yake inafanana na kitambaa hicho: nyuzi zilizogandamizwa pamoja, zinazonywa wino.

Fetri haifumwi kama kitenge. Kitenge kiko na nyuzi zinazokwenda urefu na zingine zinazokwenda upana, na ukikikata, ukingo unaanza kufumuka. Fetri yenyewe ni manyoya ya kondoo, yaani sufu, yaliyolowanishwa na maji ya moto na sabuni, kisha yakasuguliwa mpaka yakashikamana. Ukitazama unywele wa sufu kwa chombo cha kukuza, unaona una magamba madogo, karibu kama ya samaki. Joto na sabuni vinayafungua, kusugua kunayafanya yashikane, na hayaachani tena. Ndiyo maana fetri ukiikata haifumuki, na hauna haja ya kukunja ukingo. Kwa mtu anayeanza kushona, hiyo ni faida kubwa.

Ufundi huo ni wa zamani sana. Katika milima ya Altai, huko Siberia, walifukua makaburi ya Pazyryk yenye zaidi ya miaka 2.000, na ndani yake mlikuwa vitu vya fetri ambavyo baridi kali ilivihifadhi. Wafugaji wa huko walifanya fetri kuwa nguo, matandiko ya farasi na hata kuta za nyumba zao za kuhama.

Basi mapambo ya fetri yalitoka mahali ambapo Desemba ni baridi na theluji, kondoo ni wengi, na usiku ni mrefu kuliko mchana. Huku Baraka, karibu digrii 4 kusini ya ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, na Noeli inaanguka katikati ya mvua. Hakuna haja ya kuiga theluji. Lakini nyota tunayo, mikono tunayo, na sufu inatufikia ndani ya mafungu ya mitumba.

Kujua kama triko ni ya sufu

Si kila triko inaweza kugeuka fetri. Nyingi siku hizi zimefanywa kwa nyuzi za kiwandani, na hizo ukizichemsha mpaka kesho hazitashikamana. Pamba pia haishikamani. Kwanza tazama kile kitambaa kidogo cha maandishi shingoni. Kama imeandikwa laine ao wool, ni sufu. Kama imeandikwa acrylique ao polyester, hapana.

Kama maandishi yamefutika, kuna njia ya wazee wa ufundi. Vuta uzi mmoja mfupi, ushike kwa kibanio ao kwa vijiti viwili, uuguse na moto juu ya kopo lenye maji, mbali na watoto na mbali na nguo. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanavunjika katikati ya vidole. Nyuzi za kiwandani zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba inawaka haraka na kunuka kama karatasi. Mtu mzima peke yake ndiye afanye jaribio hili.

Jambo moja la kuangalia: bulangeti ambayo mtu bado anajifunika haikatwi juu ya mapambo. Katika milima ya Itombwe na Minembwe usiku ni wa baridi kweli, na familia nyingi zilizokimbia vita ziliondoka bila kitu. Tumia paka ile iliyooza kiasi kwamba hairekebishiki.

Kuigeuza triko kuwa fetri

Kata kwanza mikono ya triko na uondoe vifungo na mishono minene. Tia maji ya moto ndani ya beseni, moto ambao mkono unaweza kuvumilia, na sabuni ya kipande iliyokwaruzwa, karibu vijiko 2. Zamisha vipande, visugue na kuvikamua, sawa vile unavyofua nguo yenye matope mengi. Endelea dakika 20 mpaka 30, na uongeze maji ya moto yale ya kwanza yakipoa. Utaona macho ya mfumo yanafungana na kitambaa kinakuwa kizito na kidogo.

Kisha suuza kwa maji ya baridi, rudi kwenye ya moto, sugua tena. Ile kupita kutoka moto kwenda baridi inasaidia sufu kukaza. Ukikata kona ndogo na makasi na usione uzi unaofumuka, kazi imekwisha. Kamua, nyoosha kwa mikono, laza juu ya ubao na uache ikauke. Juu ya mvua za Desemba, anza kazi hii siku 4 ao 5 mbele ya kushona, kwa sababu sufu yenye unyevu ikifungiwa ndani ya sashe inaota ukungu.

Usiigeuze triko ambayo bado inamfaa mtoto. Ikisha kushikamana, hairudi tena kwenye ukubwa wake wa kwanza.

Kama hakuna sufu: kitenge na uji wa muhogo

Nyumba nyingi hazitapata triko ya sufu, na hakuna shida. Kitenge kinaweza kufanya kazi hiyohiyo kama kinakazwa. Omba vipande kwa mshonaji wa avenyu yako. Atelye nyingi zinavitupa ao kuvichoma, na mwenyewe anaweza kufurahi vikiondoka.

Chukua vijiko 2 vya unga wa muhogo, vikoroge ndani ya kikombe 1 cha maji ya baridi ili visifanye madonge, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uwe uji mzito wenye kung’aa. Acha upoe. Pakaa uji huo katikati ya vipande 2 vya kitenge, mgongo kwa mgongo, vigandamize kwa kitu kizito chenye uso ulionyooka, na vikauke kabisa. Utapata kitambaa kigumu, chenye rangi pande zote mbili, ambacho ukingo wake hauharakishi kufumuka. Ndiyo kazi ileile ambayo mama zetu wanaifanya wakitia wanga kwenye nguo za sherehe.

Ubaya wake ni mmoja: wanga unaita mende na panya. Mapambo ya namna hii yahifadhiwe ndani ya kopo lenye kifuniko.

Kuchora nyota isiyopinda

Watu wengi wanashindwa hapa. Nyota ya ncha 5 ikichorwa kwa macho inatoka na mguu mmoja mfupi. Uzi unaweza kukusaidia.

Chukua sahani ndogo yenye upana wa sentimeta 14 hivi. Igeuze juu ya kartoni na uchore mzunguko wake kwa biki. Zungusha uzi ukingoni mwa sahani mara moja na ukate pale unapokutana. Uzi huo utakuwa na karibu sentimeta 44. Ukunje katika sehemu 5 zinazolingana, kila moja karibu sentimeta 8,8, na utie alama kwa biki kwenye kila kunjo. Urudishe uzi kwenye mzunguko, hamisha alama, na sasa uko na nukta 5.

Zipe namba 1 mpaka 5. Piga mstari wa rula kutoka 1 mpaka 3, kutoka 3 mpaka 5, kutoka 5 mpaka 2, kutoka 2 mpaka 4, na kutoka 4 kurudi 1. Nyota imetokea. Kata kartoni kwa kufuata ukingo wa nje, na uzungushe kidogo kila ncha, kwa sababu ncha kali inasumbua kushona. Kartoni hiyo ni kipimo chako: itatosha kwa nyota nyingi, na jirani anaweza kuiazima.

Kushona

Weka kipimo juu ya fetri ao kitenge kilichokazwa, chora, na ukate nyota 2 zinazofanana. Kama unataka kupamba uso, fanya sasa hivi, mbele ya kuzifunga: kipande kidogo cha kitenge cha rangi nyingine katikati, ao kifungo cha shati lililochakaa.

Pima uzi kutoka vidole mpaka kiwiko mara 2. Uzi mrefu kuliko huo unajifunga mafundo. Funga fundo mwishoni na uanze katikati ya zile nyota mbili, ili fundo lijifiche ndani. Pitisha sindano kutoka nyuma kuja mbele, nusu sentimeta kutoka ukingoni. Mbele ya kukaza, pitisha sindano ndani ya kitanzi cha uzi kilichobaki, kisha vuta. Uzi utalala juu ya ukingo kama ukuta mdogo. Endelea hivyo, nafasi ya nusu sentimeta kwa kila mshono. Ndiyo mshono unaoonekana ukingoni mwa bulangeti nyingi, na kazi yake ni kushika vipande viwili na kulinda ukingo kwa mara moja.

Penye ncha ya nyota, shona mara 2 palepale. Penye kona ya ndani pia, kwa sababu hapo ndipo panapochanika kwanza.

Ukisha kushona ncha 4, acha ya 5 wazi. Jaza ndani kwa vipande vidogo sana vya nguo, ao uzi uliobaki, ukisukuma kwa kijiti butu mpaka kwenye ncha. Usijaze mchele, mahindi ao maharagi: ni chakula, na panya wataipasua. Usijaze povu la matela, kwa sababu linawaka haraka na moshi wake ni sumu. Nyota isivimbe sana, inatosha iwe laini ukiibana. Kisha funga ncha ya mwisho, na utie kitanzi cha uzi wa sentimeta 10 hivi pale juu.

Kwa mkono uliozoea, nyota moja ni kazi ya karibu nusu saa. Anayeanza aipe saa moja na nusu bila aibu.

Mukeke, mtumbwi na mwezi

Hakuna sheria inayosema pambo lazima liwe nyota. Mtoto wa miaka 6 ao 7 aanze na moyo: kunja karatasi mara 2, chora nusu ya moyo kwenye kunjo, kata, fungua. Pande zote mbili zitalingana zenyewe.

Kwa watu wa ziwa, samaki ni rahisi kuliko nyota na anasema mengi kuliko theluji. Mukeke ana mwili mrefu na mwembamba: chora umbo la jani, ongeza mkia wa pembetatu, tia kifungo kwa jicho. Samaki wadogo 5 juu ya uzi mmoja wanakuwa girlande ya ndagala ambayo mvuvi yeyote wa Tanganyika ataitambua. Mtumbwi ni nusu ya duara na kijiti kimoja. Tena samaki ni alama ya zamani ya Wakristo wa kwanza, haiko mgeni katika Noeli.

Baraka iko pia na Waislamu, na familia nyingi ziko na ndugu katika dini zote mbili. Kipimo kile cha sahani kinachora mwezi mwandamo: chora duara, kisha sogeza sahani sentimeta 4 pembeni na uchore tena. Pambo hilo litangoja Idi. Na Bonane haina dini: tarehe 1 mwezi wa 1, kila mlango unaweza kutundika kitu.

Mahali pa kutundika, moto na watoto

Usikate mti mzima juu ya wiki mbili. Tawi moja la mkaratusi ao la sipre lililosimamishwa ndani ya kopo la mchanga linatosha. Katika Fizi, inchi ya mawese, makuti ya mchikichi yanayokatwa wakati wa kuvuna yanaweza kupindwa kuwa upinde wa mlango, na nyota zikatundikwa humo.

Moto ndio hatari kubwa ya sikukuu. Umeme ukikosekana, watu wanawasha mishumaa, na nyumba zilizo karibukaribu zinashikana kwa dakika chache. Sufu inakataa moto kidogo, lakini pamba inawaka upesi, na nyuzi za kiwandani zinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa hiyo: mshumaa usiwekwe chini ya pambo ao chini ya makuti yaliyokauka, na usiachwe ukiwaka watu wakilala. Taa ya sola ndogo ni salama zaidi.

Kwa watoto walio chini ya miaka 3, pambeza uso kwa mshono, si kwa kifungo. Kifungo kikitoka kinaweza kuziba koo. Hesabu sindano mbele ya kuanza na baada ya kumaliza: kama zilikuwa 3, zirudi 3. Sindano inayopotea kwenye mkeka inapatikana na mguu.

Kwa mwenye kutaka kuuza

Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na Januari inafuata Bonane bila kungoja. Kwa msichana anayejifunza kushona ao mama mwenye muda jioni, mapambo yanaweza kuongeza kitu, kama hesabu ni nzuri.

Kosa la wengi ni kusema “kitambaa nilipewa bure, basi yote ni faida.” Tuseme, kwa mfano tu, umeshona nyota 10. Uzi, sindano na sabuni vimekula franga 3.000. Umetumia saa 5. Kama siku yako ya kazi ya saa 8 unaihesabu kuwa 8.000, saa 5 ni 5.000. Jumla ni 8.000, na kila nyota imekugharimu 800. Ukiiuza 500, umemlipa mnunuzi ili aichukue. Ukiiuza 1.200, uko na 400 juu ya malipo ya mikono yako. Tia bei za kweli za soko lako ndani ya hesabu hiyo.

Usianze na 100. Anza na 10, tundika mbele ya atelye katika wiki ya kwanza ya Desemba, na uone rangi gani inaondoka. Baada ya tarehe 25 nyota haina mnunuzi, lakini moyo na samaki wanaweza kuuzwa kama vishikio vya ufunguo mwaka mzima.

Kazi inayoingia mkononi

Katika teritware ya Fizi kuna watoto ambao watafanya Noeli mbali na kijiji chao. Wako waliokimbia kutoka milimani, na wako wakimbizi wa Burundi ambao tangu 2015 wanapokelewa Lusenda, na baadaye Mulongwe. Pambo la nguo haliwezi kurudisha nyumba, na hakuna mtu anayepaswa kusema vile. Lakini linaingia mfukoni, halivunjiki njiani, na mtoto anaweza kulifanya mwenyewe pamoja na mtoto wa jirani ambaye hawasemi lugha moja. Mwalimu ao monita wa foyer anayetaka kukalisha watoto 20 anahitaji kartoni 4 za kipimo, makasi 4, sindano 10 na mfuko wa vipande. Vijana wa kiume nao washike sindano, kwa sababu katika atelye nyingi za Baraka wanaume ndio wanaokaa kwenye mashini.

Sikukuu ikipita, shusha mapambo siku ya jua. Yapunge vumbi, yaanike saa moja, kisha yatie ndani ya kopo kavu pamoja na kipimo cha kartoni. Mwaka kesho kazi itaanzia hapo, na pengine mtoto aliyeshona mshono uliopinda mwaka huu ndiye atakayemfundisha mdogo wake.